Mji Uliojikataza: Montalcino na Ulinzi wa Jina Moja

Mhadhara wa wazi uliotolewa Dodoma mbele ya wakulima, wanafunzi na viongozi wa mji



Mada yangu leo ni ya mbali na nyumbani. Kabla sijaianza, naomba niseme neno moja kwa heshima. Humu ukumbini wamo ndugu zetu ambao mvinyo ni haramu kwao, na wamo wengine waliouacha kwa hiari yao. Sikuja kumshawishi yeyote anywe. Nimekuja kuzungumzia mji, ardhi, kanuni na subira ya wakulima. Chupa nitaitaja kwa sababu ndiyo inayolibeba jina la mji huo hadi nchi za mbali.

Mji wenyewe ni Montalcino. Uko Italia ya kati, katika jimbo la Toscana, kiasi cha kilomita 40 kusini mwa Siena, juu ya kilima chenye urefu wa zaidi ya mita 560 kutoka usawa wa bahari. Upande wa kusini-mashariki unatazamana na bonde la Val d'Orcia, ambalo UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2004, na kusini kwake umesimama Monte Amiata, mlima wa mita 1,738 unaouzuilia dhoruba. Ni mji mdogo. Halmashauri yake, hata baada ya kuunganishwa na San Giovanni d'Asso mwaka 2017, haifikishi watu 6,000. Pamoja na udogo huo, mvinyo wake mwekundu uitwao Brunello di Montalcino ni miongoni mwa ile inayouzwa kwa bei ya juu kabisa nchini Italia.

Lengo langu ni kuwaonyesha kwamba utajiri huo haukuletwa na ukale wa mji, wala haukuletwa na udongo peke yake. Umeletwa na wenyeji kukubaliana, zaidi ya mara moja, kujikataza mambo ambayo yangewapa fedha za haraka. Nina hoja tano, na ya tatu nitaikalia kwa muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayowahusu zaidi wakulima waliokaa mistari ya mbele.

Hoja ya kwanza: ukale haukuwalisha watu

Anayepanda kilima kile hukutana kwanza na ngome. Siena iliijenga mwaka 1361, baada ya kuuweka mji chini ya mamlaka yake, na kuta zake bado ni nzima. Ngome hiyo ilibeba historia kubwa kuliko mji wenyewe. Mwaka 1555 Siena, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka na majeshi ya Kaisari Karolo wa Tano na ya Cosimo de' Medici wa Florence, ilisalimu amri kwa njaa. Mamia ya familia zilizokataa kutawaliwa zilitoka na silaha zao, zikapanda Montalcino na kuendeleza huko Jamhuri ya Siena, pamoja na serikali yake na sarafu zake. Walidumu kwa miaka minne, mpaka amani ya Cateau-Cambrésis ya mwaka 1559 ilipowaacha bila mtetezi. Hadi leo, katika maandamano yanayotangulia mbio za farasi za Palio mjini Siena, wapeperusha bendera wa Montalcino wana nafasi ya heshima. Wasiena hawakusahau ni nani aliyewapokea.

Ni fahari ya kweli, nami naiheshimu. Lakini tuitazame Montalcino ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Ngome ilikuwapo, abasia ya Sant'Antimo ya karne ya 12 ilikuwapo bondeni, historia yote ilikuwapo, na mji ulikuwa miongoni mwa maskini kabisa katika eneo lake. Wengi waliishi chini ya mezzadria, mfumo ambao mkulima alilima shamba la bwana na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Wengine walikata kuni na kuchoma mkaa misituni. Baridi kali ya Februari 1956 iliua mizeituni Toscana nzima. Mwaka 1964 mambo mawili yalikuja kwa pamoja: sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, na barabara kuu ya Autostrada del Sole ikakamilika, ikapita mbali upande wa mashariki. Magari ya Roma na Florence yakaacha njia ya zamani ya Via Cassia iliyopita chini ya kilima. Vijana wakashuka kwenda viwandani. Halmashauri iliyokuwa na watu zaidi ya 10,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipoteza karibu nusu yao katika miongo iliyofuata.

Nawaomba wanaofikiri kwamba historia ya mji huleta fedha yenyewe, waikumbuke Montalcino ya mwaka 1964.

Hoja ya pili: mvinyo huu ulizaliwa kwa kukataa

Kwa karne nyingi mvinyo ulioupa mji huu sifa haukuwa mwekundu. Ulikuwa mweupe na mtamu, Moscadello, ambao mshairi na tabibu Francesco Redi aliusifu katika utenzi wake wa mwaka 1685. Brunello ni mtoto wa karne ya 19.

Baba yake wa kwanza alikuwa mfamasia. Clemente Santi alikuwa mtu wa vipimo na maandishi, na mwaka 1869 mvinyo wake mwekundu wa mavuno ya 1865 ulipata tuzo katika maonyesho ya kilimo ya Montepulciano. Mjukuu wake, Ferruccio Biondi Santi, aliyekuwa amepigana chini ya jemadari Garibaldi akiwa kijana, alirudi kwenye shamba la familia liitwalo Greppo akafanya jambo ambalo majirani waliliona hasara. Desturi ya Toscana wakati ule ilikuwa kuchanganya zabibu nyekundu na nyeupe, ili mvinyo ulainike mapema, uuzwe na kunyweka ndani ya mwaka. Ferruccio akakataa mchanganyiko. Alichagua miche bora ya aina moja tu, sangiovese, akakamua zabibu zake peke yake, kisha akauacha mvinyo ukae kwenye mapipa ya mwaloni kwa miaka. Mavuno yake ya 1888 ndiyo yanayohesabiwa kuwa Brunello ya kwanza kwa maana tunayoijua leo.

Wanafunzi wa kilimo, hapa sikilizeni vizuri. Wenyeji waliamini kwamba wana aina yao ya zabibu, waliyoiita brunello, isiyopatikana popote pengine. Mwaka 1879 tume ya wataalamu wa mkoa wa Siena ilichunguza na kuona kwamba brunello ni sangiovese ileile iliyozagaa Toscana yote. Hapakuwa na mbegu ya siri. Jua la mteremko wa kusini, mawe ya udongo na upepo wa kilimani vilisaidia, sikatai, na mtu wa Montalcino atawaambia hivyo kwa moyo wote. Lakini vyote hivyo vilikuwapo siku zote ambazo watu wa pale walikuwa wanauza mvinyo wa kawaida kwa bei ya kawaida.

Hoja ya tatu: walichofanya watu wengi pamoja ndicho kilichobadili mji

Mtu mmoja akijikataza, anatajirika yeye au anafilisika yeye. Hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, Brunello ilikuwa karibu mali ya familia moja na marafiki wachache. Mageuzi yalikuja pale mji wenyewe ulipolishika jambo hili mkononi. Meya wa wakati huo, Ilio Raffaelli, aliyeongoza tangu 1960 hadi 1980, alitoka katika watu wa kazi za msituni, na aliyaona mashamba yakiachwa kila mwaka. Mwaka 1966 serikali iliipa Brunello hadhi ya DOC, yaani jina linalolindwa na sheria kwa eneo lake na namna ya kuitengeneza. Mwaka uliofuata wazalishaji wakaunda umoja wao, Consorzio, walimokaa pamoja wenye mashamba makubwa na wakulima wadogo waliokuwa juzi tu watu wa mezzadria. Mizabibu ya Brunello wakati huo haikufika hekta 100. Mwaka 1980 ikapandishwa kuwa DOCG, daraja la juu kabisa, na ilikuwa miongoni mwa mivinyo ya kwanza kabisa ya Italia kulifikia.

Sasa tuzitazame kanuni zenyewe, maana humo ndimo kulimo kujikataza. Zabibu ziwe sangiovese tupu, asilimia 100. Zitoke ndani ya mipaka ya Montalcino na si penginepo. Hekta moja isitoe zaidi ya tani 8; mkulima anayebarikiwa mavuno makubwa haruhusiwi kuyaita yote Brunello. Mvinyo ukae kwenye mbao angalau miaka miwili, kisha kwenye chupa angalau miezi minne. Usiuzwe kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Na ule wa daraja la Riserva hungoja mwaka mmoja zaidi. Kwa hiyo zabibu zilizochumwa mwaka 2020 zilianza kuuzwa Januari 2025. Zamani muda wa kukaa pipani ulikuwa mrefu zaidi, ukapunguzwa kwa hatua hadi miaka miwili. Wamewahi kubadili kanuni, ila waliibadili wakiwa wamekaa pamoja.

Mzee mmoja aliyekaa hapa mbele ananitazama kwa macho ya kuuliza, nami nalijua swali lake: miaka yote hiyo, mkulima anakula nini? Ndilo swali kubwa kuliko yote katika mada hii. Anayelisifia zao la kungoja bila kulijibu swali hilo anawahubiria maskini subira isiyomgharimu yeye. Chukua mkulima mwenye hekta tatu. Anapogoa, anapiga dawa, anachuma, ananunua mapipa yanayokula fedha nyingi, halafu anafunga mlango wa ghala. Mwaka wa pili anachuma tena, anaongeza mapipa. Ikifika siku ya kuuza chupa ya kwanza, ana mavuno ya miaka kadhaa yamelala ghalani, na benki inadai. Kanuni ya subira isiyo na jibu la njaa ingekuwa kanuni ya matajiri peke yao.

Jibu lao lilikuja mwaka 1983, nalo ni jepesi na la busara: Rosso di Montalcino. Zabibu ni zilezile, sangiovese tupu, mipaka ni ileile, lakini mvinyo huu unaruhusiwa kuuzwa kuanzia tarehe 1 Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Bei yake ni ndogo, na fedha yake inarudi mapema. Mkulima huamua kila mwaka sehemu gani ya mavuno aiuze kwa njia hiyo ili alipe vibarua na ada za shule, na sehemu gani ailaze ingoje. Katika mwaka mbaya anaweza kushusha kiasi kikubwa kwenye Rosso, na hivyo jina kubwa halibebeshwi mzigo wa mvinyo dhaifu. Kwa maoni yangu, hii ndiyo akili kubwa kuliko zote iliyotumika kwenye kilima kile, ingawa wageni wanaokwenda kupiga picha hawaitaji kabisa.

Kungoja kuna hatari nyingine pia. Usiku mmoja wa Desemba 2012 mtu aliingia kwenye ghala la Gianfranco Soldera, mmoja wa wazalishaji mashuhuri wa pale, akafungua mapipa. Zaidi ya lita 60,000, mavuno ya miaka sita tangu 2007 hadi 2012, zikamwagika sakafuni. Ghala linalouza kila mwaka lingepoteza mwaka mmoja. Lile lilipoteza sita. Wazalishaji wenzake walijitolea kumchangia mvinyo wao. Alikataa, akisema mnunuzi angeuziwa kitu kilichoandikwa jina la mtu mwingine. Kuna waliomwona mkali kupita kiasi. Mimi naona alikuwa anasema, kwa uchungu wa siku ile, jambo lilelile ambalo mji mzima ulikuwa umelisema miaka minne kabla. Hilo linanifikisha kwenye hoja inayofuata.

Hoja ya nne: kanuni ilijaribiwa, na wakaishika

Jina likishakuwa na thamani, tamaa hulizunguka. Mwaka 2008 waendesha mashtaka wa Siena walitangaza kwamba wanachunguza baadhi ya makampuni kwa shaka ya kuchanganya zabibu nyingine ndani ya Brunello, zenye rangi nzito na zinazolainika mapema, ili kupendeza ladha ya masoko ya nje. Marekani, mnunuzi wao mkubwa, ikatishia kuzuia kila chupa isiyo na uthibitisho. Shehena zikasimama. Sehemu ya mvinyo ilivuliwa jina la Brunello ikauzwa kwa jina la chini, Toscana tu.

Hapo palikuwa na njia ya mkato, na sauti nzito ziliitetea: tuibadili kanuni, turuhusu mchanganyiko kidogo, na kosa litakuwa si kosa tena. Oktoba 2008 wazalishaji wakaitwa kupiga kura. Zaidi ya asilimia 90 ya kura zilitaka kanuni ibaki ilivyo, sangiovese asilimia 100. Mwaka 2011 likaja pendekezo kama hilo kuhusu Rosso, nalo likashindwa kwa kura. Kumbukeni kwamba waliopiga kura walikuwa katika hasara wakati huo, wakiwa na deni na mapipa yaliyojaa.

Kuna jambo dogo la pale ninalolipenda sana. Kwa miaka mingi Consorzio ilikuwa ikitoa hukumu ya kila mavuno kwa nyota, moja hadi tano, na kigae cha mwaka huo kilichochorwa na msanii hubandikwa kwenye ukuta wa jumba la halmashauri. Mwaka 2002, mwaka wa mvua nyingi, walijipa nyota mbili. Kigae kiko ukutani, kila mnunuzi anakisoma. Nimekaa katika vikao vingi vya wafanyabiashara na vya serikali. Ni nadra sana kumwona mtu akibandika alama yake ya chini mlangoni kwake. Hao waliibandika, na ndiyo sababu walipoweka nyota tano waliaminiwa.

Hoja ya tano: ushindi wenyewe una gharama

Hapa nitapita haraka, lakini sitaruka. Mizabibu ya Brunello sasa inazidi hekta 2,000. Bei ya hekta moja imefika mamia ya maelfu ya euro. Mtoto wa mkulima asiyerithi shamba hana njia ya kulinunua. Wenye mitaji walianza kuja zamani: ndugu wawili Wamarekani wenye asili ya Italia, John na Harry Mariani, walianzisha Castello Banfi mwaka 1978, wakaleta ajira na soko la ng'ambo. Wengine wakafuata. Hata Biondi Santi, familia iliyoanzisha yote, iliuza sehemu kubwa ya kampuni yake kwa Wafaransa mwaka 2016. Vibarua wengi wanaochuma zabibu zile leo wametoka nchi nyingine, na jina lao haliandikwi kwenye chupa. Ndani ya kuta, nyumba nyingi zimegeuka za wageni wa msimu.

Sisemi kwamba umaskini wa 1964 ulikuwa bora. Ninachokiona ni kwamba kanuni za Montalcino zililinda zabibu, mipaka na muda wa pipani kwa makini ajabu, lakini hazikuandika chochote kuhusu nani atakuwa mwenye ardhi. Jina limelindwa kuliko watu waliolitengeneza. Wanaoanza sasa mahali pengine wana nafasi ya kuliandika hilo tangu mwanzo.

Tutazame mbele

Montalcino yenyewe ina mtihani mpya. Joto la Toscana linapanda, zabibu zinaiva mapema, sukari inawahi kabla ya ganda kukomaa. Mashamba ya juu na miteremko ya kaskazini, ambayo babu zao waliyaona ya baridi mno, sasa yanatafutwa. Itabidi wakae tena pamoja waamue kama mistari waliyoichora karne iliyopita bado inafaa.

Na sisi hapa Dodoma? Uhusiano wetu na Italia katika jambo hili si wa kubuni. Miche ya kwanza ya zabibu ililetwa Bihawana, hapa Dodoma, na wamisionari wa Kiitalia katika miaka ya 1950, na kutoka pale zao likasambaa. Sisi tuna kitu ambacho Montalcino haina na haitakuwa nacho: tunachuma mara mbili kwa mwaka. Pia tuna kilio ambacho kila msimu tunakisikia, cha zabibu kuozea shambani kwa kukosa mnunuzi, au mchuzi wa zabibu kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye tangi ndiye anayepanga bei. Sidai kwamba tuige Brunello. Jua letu ni jingine, na uchumi wa mkulima wetu hauwezi kungoja miaka mitano.

Lakini kuna maswali ambayo hakuna mgeni atakayetujibia, na ningependa tuyaanze leo, humu humu. Chupa iandikwe Dodoma ikiwa na zabibu za wapi, na za Dodoma kiasi gani: nusu, au zote? Nani apewe mamlaka ya kukagua, na mkulima awe na kura ngapi katika chombo hicho? Ikiwa sehemu ya mavuno italazwa ili ipate thamani, ni bidhaa gani ya haraka itakayomlipa mkulima mwezi uleule? Na ardhi ikipanda bei, kama ilivyoanza kupanda tangu Serikali ihamie hapa, mashamba ya zabibu ya Hombolo yatakuwa ya nani baada ya miaka ishirini? Wanafunzi wa sheria na wa uchumi waliomo humu wana kazi ya utafiti ya kutosha katika swali hilo la mwisho peke yake, na vyama vya ushirika vina daftari za mauzo ambazo hazijawahi kusomwa na mtu kwa jicho hilo. Naomba viongozi wa vyama mtufungulie daftari hizo kabla ya msimu ujao.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza upande wangu. Kwa ruhusa yako, naomba maswali yaanze kwa wakulima, kisha ndipo tuje kwetu sisi wa chuoni.